Ndege wa Arobaini na Mbili

Jumatano, 4 Juni
Nimempata! Saa nne asubuhi, dirishani mwa karakana yangu, nikishona mfuko wa suruali. Ndege mdogo. Kifua madoadoa, mkia mfupi kama umekatwa na mwanafunzi wa cherehani, pembe za mdomo njano. Kitabuni hayumo! Orodha ya kikundi chetu cha watazama ndege imekwama kwenye arobaini na moja, mwaka wa pili huu. Kanuni inajulikana: atakayeleta wa arobaini na mbili, akapata shahidi, ndiye ataongoza matembezi ya Jumapili. Kwa sasa anaongoza Mfamasia. Mtu anayetukataza hata kukohoa! Siku zake zinahesabika. Mfuko nimeushonea nje ya suruali. Nitaufumua kesho.

Alhamisi, 5 Juni
Mpango: kumzoesha dirisha. Nimemwaga makombo ya mkate. Wakaja sisimizi kwanza, moja kwa moja hadi kwenye kitambaa cheupe cha sare za wauguzi. Mke wangu akauliza kama ndege ndiye atakayevaa sare hizo Jumatatu. Mchana ndege akaja mwenyewe, akala, akanitazama. Nami nikamtazama. Urefu, kwa macho ya fundi, inchi sita kasoro.

Ijumaa, 6 Juni
Ajabu ya maajabu! Kurumbiza, yule wa kawaida mwenye kifua cha rangi ya chungwa, ametua kando ya ndege wangu akamtia mdudu kinywani. Mara sita kwa saa moja! Mgeni anatikisa mabawa, anapanua mdomo, analishwa. Kwa nini? Nimefikiri hadi pasi ikaunguza kola. Jibu ni heshima. Hata kurumbiza anamtambua mgeni mwenye cheo. Mke wangu akasema humu ndani pia yupo anayekaa kinywa wazi akingoja kulishwa, na hajawahi kumwona na cheo chochote.

Jioni nimempenyezea Mfamasia barua chini ya mlango wa duka lake. Nimemshauri aanze kupumzisha miguu.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemleta shahidi: Bi Mkunga, mwenyekiti wetu, mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa. Katazama mara moja tu, kacheka hadi kakalia sare. Akasema, mwanangu, huyo ni mtoto wa kurumbiza.

Akanionyesha. Pembe za mdomo njano na nene, ili mzazi aone pa kutia chakula. Manyoya ya tumbo laini, yamelegea kama pamba. Mkia bado unaota. Madoa yanamficha kwenye majani makavu, baadaye atayavua. Akasema katika watoto wote aliowapokea, hakumwona hata mmoja aliyefanana na mama yake juma la kwanza. Akanisihi nisishike alama moja nikaziacha nyingine.

Aibu! Ila, kusema kweli, na raha pia. Nimeganda dirishani hadi jioni, kila shorewanda aliyetua nikimkagua mdomo. Nimewapata makinda watatu! Miaka yote hiyo nilikuwa nawatazama bila kuwaona. Saa kumi na moja ndipo nikaikumbuka barua.

Jumapili, 8 Juni
Mfamasia ameisoma mbele ya wote, akikazia neno "miguu". Wamecheka mpaka ndege wakaruka.

Nikajipa moyo: leo wataiona elimu yangu. Kila ndege aliyetokea, mimi nikawahi kutoa hukumu. Karibu na bomba la maji nikaona kadogo kichakani, mkia kama kitufe. Niliyekaona kwanza ni mimi! Bi Mkunga akauliza, na mdomo je? Nikasema mkia unatosha, hako ni kinda, twendeni. Tukaenda.

Mfamasia akabaki nyuma kufunga kamba za viatu. Akautazama mdomo. Mweusi tii, njano hakuna. Manyoya yamebana vizuri. Na makinda wawili wanamfuata wakiomba chakula! Ndege mzima, mwenye familia, mkia wake ndio huo. Bi Mkunga akaitwa, akathibitisha. Namba arobaini na mbili. Mfamasia ataendelea kuongoza hadi apatikane wa arobaini na tatu.

Nimeumia. Nilimwona mimi, nikamgawa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nyumbani mke wangu hakunitania hata kidogo, akaniwekea chai tu. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Jumamosi, 19 Julai
Yule kinda wa dirishani haonekani tena. Nimemkumbuka sana. Lakini Mungu si Athumani! Pale pale dirishani pake amekuja ndege nisiyemjua kabisa. Kifua nusu chungwa, nusu madoa, viraka vitupu. Mkia mrefu. Safari hii sikukurupuka, nimezikagua alama zote: mdomo mweusi, njano hakuna, manyoya yamebana. Anakula makombo yangu bila woga, kana kwamba tumelelewa pamoja. Kitabuni hayumo!

Namba arobaini na tatu. Mfamasia nimeshamjulisha kwa maandishi. Bi Mkunga sina haja ya kumsumbua. Huyu ni mtu mzima.