Risasi Kilo Mbili

Jumatatu, 6 Juni 1988

Halmashauri ya shule imeamua. Walimu tusio na cheti tuko wawili hapa Otonglo, mimi wa historia na Simeon wa hesabu. Mmoja atapewa barua ya kudumu, mwingine aende kwao. Ijumaa ni Siku ya Wazazi, na kila mmoja atafundisha somo moja mbele ya watu. Simeon amechagua asilimia. Asilimia! Wazazi watasinzia. Mimi nitafundisha historia ya raundi moja ya bastola, ile ya Waingereza ya pointi tatu nane. Ganda lake tupu ninalo. Babu alirudi nalo kutoka Burma, alikompikia afisa.

Jumanne, 7 Juni

Kurasa kumi na nne tayari! Mwanzoni Waingereza walikuwa na raundi nene, pointi nne tano tano. Ilirusha mkono juu, na askari mpya alishindwa kulenga. Baada ya Vita vya Kwanza wakatafuta nyembamba, yenye kichwa cha gramu kumi na tatu. Nzito na mvivu. Mita mia moja na tisini hivi kwa sekunde. Sauti ina mbio kuishinda, kwa hiyo mtu aliye mbali husikia mlio kabla ya kupigwa. Nimemweleza Simeon. Akauliza huo mlio unamsaidia nini marehemu. Wivu tu.

Tatizo: ganda ninalo, kichwa sina. Nitayeyusha nitengeneze. Binamu yangu Oketch anavua Dunga, na nyavu zake zina risasi za kuzizamisha. Nimemwandikia hivi: "Leta risasi kilo mbili kabla ya Ijumaa. Wazazi wote watakuwepo. Usimwambie mtu." Nimempa barua Dorca, karani wetu, maana anakaa karibu naye. Bahasha sikuwa nayo.

Jumatano, 8 Juni

Dorca hakuitikia salamu yangu. Mwalimu mkuu, Mama Milka, ameniuliza kama nyumbani kuna amani. Nikasema ipo. Simeon amehamisha kiti chake hadi karibu na mlango. Nadhani habari za kurasa zangu zimeenea.

Oketch ametuma mama wa samaki aniulize: "Mwalimu, unataka risasi ya ngege ama ya mbuta? Ya mbuta ndiyo nzito." Nimechagua ya mbuta, samaki mkubwa kuliko ngege.

Alhamisi, 9 Juni

Oketch hajafika. Nimetembea kutoka getini hadi barabarani mara tisa. Mke wangu Seline amekataa kabisa kunipa sufuria ya ugali niyeyushie. Nimefanya mazoezi mbele ya kuku. Nimerudi tena getini. Bure.

Ijumaa, 10 Juni

Ukumbi ulijaa. Chifu alikuja na askari wawili, wakakaa mstari wa mbele. Heshima ilioje! Nilianza vizuri. Nilikuwa nimefika pale ambapo kichwa, kikipigwa sawasawa mbele, huwa kimeshuka rula nzima na vidole viwili kikifika mita hamsini. Ndipo Oketch akasimama mlangoni na gunia, akaita kwa sauti ya ziwani: "Omera, risasi yako hii! Kilo mbili, ya kumaliza kabisa!"

Wazazi waliruka madirishani. Mama Milka aliingia chini ya meza. Askari walimlaza Oketch, wakamwaga gunia: vyuma vya nyavu na mbuta mmoja mdogo, zawadi ya Seline. Chifu akatoa barua yangu mfukoni. Dorca alikuwa ameinakili kwa taipu, nakala tatu.

Nilieleza kwamba kwa mvuvi risasi ni kitu cha kuzamisha wavu. Chifu alielewa, lakini akachukua ganda la babu. Mbuta pia.

Simeon akasimama. Akawafundisha waliobaki asilimia ya waliokimbia. Sabini na mbili. Walimpigia makofi. Niliumia sana, nikaenda kulia nyuma ya stoo.

Jumatatu, 13 Juni

Barua ya kudumu ni ya Simeon. Mimi nina wiki mbili za kufungasha. Seline hasemi nami.

Lakini sikosi wa kunithamini. Chifu ameagiza niripoti ofisini kwake kila Jumatatu saa mbili, bila kukosa, nimweleze nilikokuwa na nilichokuwa nikisoma. Askari mmoja huandika kila neno. Simeon hajawahi kuitwa hata mara moja! Leo muda ulituishia kwenye bastola. Wiki ijayo nitampelekea mabomu.