Kiti cha Mgeni Asiyetarajiwa

Ijumaa, 20 Desemba

Theluji hadi magotini. Leo nimepata wazo. Kubwa!

Jioni ya mkesha wa Krismasi kila nyumba hapa kijijini huweka sahani moja ya ziada na kiti kitupu kwa mgeni asiyetarajiwa. Huenda akawa Kristo mwenyewe. Miaka sitini na minne nimekitazama kiti hicho na sijaona mtu akikikalia. Hasara tupu!

Mimi Walenty ni mgane. Otylia wangu ndiye aliyekuwa akipika. Hayupo, mwaka wa pili sasa. Krismasi iliyopita nilikula samaki wa kopo nikiwa nimesimama. Mwaka huu nitakuwa mgeni asiyetarajiwa kwa jirani yangu Pelagia. Ana samaki mnono anayeogelea kwenye beseni lake la kuogea tangu Jumatatu, akingoja kupikwa siku ya mkesha.

Ningeweza kumwomba anialike. La! Kualikwa ni kuonewa huruma. Kufika bila kutarajiwa ni kuwa baraka.

Jumamosi, 21 Desemba

Mgeni huhitaji sababu. Sababu yangu: jiko bovu. Asubuhi nikapanda juu ya paa, nikaziba dohani kwa gunia lililolowa maji. Nikashuka, nikawasha kuni, nikangoja moshi kidogo wa kuwaonyesha watu.

Haukuwa kidogo. Nilitoka nje nikitambaa.

Majirani wakaja mbio. Na nani akapanda ngazi? Hieronim! Fundi wa mapaa, adui yangu. Hatujasemezana miaka minne, tangu aliposema mbele ya kwaya nzima kwamba katika igizo la Krismasi mimi sihitaji kupakwa rangi ili nifanane na Herode. Akachomoa gunia, akalinyanyua juu kila mtu alione.

“Jamani, ndege wa siku hizi! Wanajenga viota kwa magunia yenye jina la Walenty!”

Pelagia alicheka mpaka akashikilia uzio. Jiko sasa linawaka vizuri kuliko zamani. Hieronim aliondoka bila kungoja asante. Afadhali. Sikuwa nayo.

Jumapili, 22 Desemba

Padri Klemens kahubiri kwamba Mtoto wa horini alianza kwa kupokea: zizi la watu, nyasi za ng'ombe, zawadi za watu wa mbali. Asiyejua kufungua mkono apokee, kasema, hana cha kumgawia mwenzake, na furaha ya Krismasi humpita mlangoni.

Nakubaliana naye kabisa. Mimi niko tayari kupokea. Nikamgeukia Hieronim kuona kama neno limemwingia. Kumbe naye alikuwa ananitazama mimi. Ufidhuli!

Jumatatu, 23 Desemba

Nilikwenda kwa Pelagia kumrudishia sufuria ambayo si yake. Shabaha ilikuwa kumkagua samaki. Mnono kuliko nilivyodhani. Tukatazamana.

Pelagia akaniuliza kesho nitapika nini. Hapo ndipo nilipotakiwa kuinamisha kichwa na kupumua kwa huzuni. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikasema vyakula kumi na viwili, kama desturi inavyotaka.

“Kumi na viwili! Peke yako?”

“Kwa mikono hii hii.”

“Makubwa! Ngoja watu wasikie.”

Watu wakasikia. Hadi jioni nilishapongezwa na nyumba tano. Nimejiharibia! Nani atamhurumia mtu mwenye vyakula kumi na viwili? Mpango mpya: kesho nitapotea kwenye theluji. Kutoka kwangu hadi kwa Pelagia ni hatua arobaini. Nitajitahidi.

Jumanne, 24 Desemba

Nyota ya kwanza, ile ya kuanzia kula, ilitoka saa kumi jioni; majira haya giza huwahi. Nilikuwa tayari nimevaa koti, nimejipaka theluji kwenye nyusi. Mara hodi! Nikafungua. Hieronim. Pua nyekundu, kofia mkononi.

“Mgeni asiyetarajiwa,” akasema, huku akitazama viatu vyake. “Nimesikia kuna vyakula kumi na viwili.”

Mgeni wa mkesha hafukuzwi. Nikamkaribisha mezani. Palikuwa na mkate, kopo la samaki, kitunguu na tango la siki. Nikangoja acheke. Yeye akavuta kiti, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mkate, samaki, mafuta ya samaki. Kitunguu, tango, siki ya tango. Chumvi. Maji ya moto. Maji baridi.

“Tisa,” akasema. “Theluji ipo nje?”

“Tele.”

“Kumi.”

Kisha akatoa kifuani ule mkate mwembamba uliobarikiwa, tunaovunjiana kabla ya kula. Akaniambia kwamba tangu mama yake afariki mwezi wa Septemba hana wa kuvunja naye. Alipita nyumba mbili, akaona dirishani watu wamejaa, akaona haya kubisha. Nilitafuta neno la kumchoma. Nilikuwa nimeliandaa miaka minne. Halikuja.

“Nisamehe kwa lile la Herode,” akasema.

“Uso wenyewe ni wangu,” nikamjibu. “Vunja.”

Tukavunja, tukatakiana heri. 

Kabla hatujagusa samaki wa kopo, hodi tena. Pelagia! Sufuria mikononi, kapu begani. Mwanawe na familia wamekwama, theluji imefunga barabara. Alikuwa amekaa peke yake mbele ya sahani saba, akaona taa yangu. Akaitazama meza yangu, naye akahesabu. Akapanga samaki wa kukaanga, supu nyekundu ya bitiruti, pierogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, za kabichi na uyoga.

“Mungu kanipa chakula cha watu saba, na mimi nina mdomo mmoja,” akasema. “Kuleni, msinitie dhambini.”

Nilipoweka sahani ya tatu niligundua nimeweka na ya nne. Mazoea ya mkono tu.

Tukala. Tukaimba, Hieronim kwa sauti nzito, mimi kwa nzito zaidi. Pelagia alilia kidogo, halafu akacheka. Nami kifuani pakajaa kitu chepesi, cha moto. Nadhani kitunguu.

Jumatano, 25 Desemba

Misa. Pelagia kamwambia kila mtu kwamba hajawahi kuwa na mkesha wa furaha kama ule tangu afiwe na mumewe. Padri Klemens akanishika mkono, akasema nimewapa wenzangu zawadi kubwa. Nilijaribu kukumbuka ipi. Nikapokea sifa.

Mimi na Hieronim tuliketi benchi moja. Aliimba vibaya. Sikumwambia.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimetafakari kwa utulivu. Mpango umefaulu kabisa! Nilimtaka samaki wa Pelagia, nikamla, tena bila kutembea hata hatua moja. Wasiojua watasema ni neema. Ni akili.

Asubuhi Hieronim kapita kunialika kwake Jumapili, saa nane mchana, bata wa kuoka. Kanialika waziwazi, pale mlangoni, kama mtu na rafiki yake. Nikamshukuru, nikamwambia Jumapili nina shughuli nyingi.

Saa nane na dakika tano nitapita mbele ya nyumba yake nikichechemea. Naanza mazoezi leo. Mguu wa kushoto.