Jenomu Hamsini na Nane

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano asubuhi. Mkurugenzi wa maabara katangaza shindano. Atakayeingiza jenomu nyingi zaidi za bakteria, yaani maandishi yote ya urithi wao, kwenye hifadhidata ya dunia kufikia Ijumaa ya wiki ijayo atapanda ndege kwenda kwenye kongamano. Siku tano. Hoteli yenye lifti. Picha yake itabandikwa mapokezi.

Sijawahi kupanda ndege. Nina miaka thelathini na tisa. Hata lifti nimepanda mara mbili tu, na mara moja ilikwama.

Nikamuuliza Mkurugenzi kama jenomu zitapimwa ubora. Akasema kuna fomu, na kwenye fomu kuna kisanduku kisemacho ubora umekaguliwa. Unaweka tiki. Nikauliza nani anaikagua hiyo tiki. Akasema hapa tunaaminiana.

Maneno matamu sana.

Mpinzani ni mmoja tu: Bi Taratibu, wa meza ya dirishani. Miaka ishirini na mbili kazini. Jina tulimpa sisi. Analijua na analiitikia. Humsoma bakteria mmoja kama mtu anayesoma barua ya posa. Anasoma, anavua miwani, anaifuta, anasoma tena. Simwogopi.

Nyumbani nilimwambia mama. Kabla chai haijapoa, majirani watatu walishajua kwamba nimeshakwenda na kurudi.

Jumanne, 4 Juni

Niandike jinsi kazi yetu ilivyo, ili wajukuu wakija kusoma waelewe akili ya babu yao.

Mashine haimsomi bakteria mzima kwa mkupuo mmoja. Inamsoma vipandevipande, kama kitabu kilichochanwa, kisha kompyuta inaviunga. Ukitaka kitabu kitoke sawasawa, kila herufi isomwe angalau mara thelathini. Kwa hiyo tunapakia sampuli ishirini na nne kwa zamu moja. Ndiyo desturi.

Lakini trei ina vishimo tisini na sita. Vingine vyote vinakaa bure! Mtaka cha uvunguni sharti ainame, sawa, lakini hakuna aliyesema asisukume kitanda.

Leo nimejaza vishimo vingi kadiri nilivyopata sampuli. Kila herufi itasomwa mara saba, nane hivi. Vitabu vyangu vitatoka na kurasa pungufu, lakini majalada yatakuwepo. Shindano linahesabu majalada.

Alhamisi, 6 Juni

Ubao wa mapokezi: mimi ishirini na saba, maana nyingine zote kompyuta ilishindwa kuziunga. Bi Taratibu mbili.

Nakiri hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo: katika hizo ishirini na saba, tisa ni bakteria walewale niliowaotesha kwenye visahani viwili na kuwapa namba mbili. Bi Taratibu alipita, akatazama skrini yangu, akauliza kama hawa ni mapacha. Nikasema wamefanana tu. Akasema hata yeye ana shangazi aliyefanana na mtu wa posta. Kisha akaniachia biskuti mbili mezani na kwenda zake.

Nilizila kwa mashaka. Zilikuwa nzuri.

Ijumaa, 7 Juni

Bahati imenidondokea mapajani. Hospitali imeleta sampuli thelathini na moja kwa mpigo. Katika wodi ya watoto wachanga, sita wameugua kwa bakteria wa aina moja. Wanataka kujua anatokea wapi. Wamepangusa kila kitu: masinki, vitasa, visanduku vya joto wanamolala watoto, mikono ya wauguzi, na watoto wenyewe. Majina hakuna, namba tu, na kwa watoto uzito wao.

Ni wodi anayofanya kazi mdogo wangu wa kike. Ameniambia kuhusu watoto hao. Mdogo kuliko wote wauguzi wanamwita Bwana Mkubwa, kwa sababu akikunja uso wote wanakimbia.

Bi Taratibu aliomba sampuli hizo apewe yeye. Alimwambia Mkurugenzi kwamba zinataka mkono mtulivu. Nikawahi kusema kwamba Bi Taratibu ana kazi nyingi na tusimchoshe mama wa watu. Nikapewa mimi. Ishirini na saba na thelathini na moja ni hamsini na nane!

Nilizipakia mchana huohuo. Ncha ya pipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kudondoshea matone, hubadilishwa kila sampuli, ndiyo sheria. Ncha zilikuwa stoo, na stoo iko ghorofa ya chini. Nilitumia moja kwa safu nzima. Tone dogo likibaki, nani ataliona?

Jumatatu, 10 Juni

Hamsini na nane ubaoni. Mlinzi wa getini kanipigia saluti.

Kompyuta imelinganisha sampuli za wodini. Bakteria wa watoto wote sita ni mmoja. Na yuko pia kwenye mikono ya muuguzi namba nne. Safi kabisa, kama hadithi ya polisi. Niliandika taarifa, nikaweka tiki yangu kwenye kisanduku, nikaituma hospitalini kabla ya chai ya saa nne.

Mchana nilipita dukani kutazama masanduku ya safari. Kuna moja la bluu lenye magurudumu manne.

Jumanne, 11 Juni

Nimerudi nyumbani nikamkuta mdogo wangu jikoni. Saa tisa mchana, na zamu yake huisha jioni. Alikuwa ananawa mikono. Akaikausha, akakaa, akasimama, akanawa tena.

Mama ndiye aliyenieleza. Muuguzi mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwa upole apumzike nyumbani mpaka hapo watakapomwita. Maabara imeonyesha kwamba ni yeye aliyewaambukiza watoto. Yeye ndiye namba nne.

Jirani alikuja na mwanawe mchanga mgongoni, akataka kumpa amshike kidogo kama kila siku. Mdogo wangu aliweka mikono nyuma. Alisema ana mafua. Hana mafua.

Baadaye akaniuliza, "Kaka, mashine zenu hukosea?"

Nikasema mashine haikosei. Ni kweli tupu. Sikuweza kumtazama.



Jumatano, 12 Juni

Nimefika kazini kabla ya mfagiaji. Nilifungua faili la namba nne, nikitumaini kuona kwamba mdogo wangu alisahau kunawa siku moja tu, jambo la kibinadamu.

Herufi milioni nane. Bakteria wa wale watoto ana milioni tano na nusu. Hakuna bakteria wa wodi ile mwenye milioni nane. Hao ni wawili waliounganishwa jenomu moja, kama kuku mwenye kichwa cha bata. Hilo lingeonekana kwa mtu yeyote aliyetazama. Mimi sikutazama. Niliweka tiki.

Kisha nikakumbuka kishimo cha maji. Kila trei ina kishimo kimoja cha maji matupu. Mashine ikisoma kitu ndani ya maji, ujue umechafua trei. Faili lake sikuwa nimelifungua kabisa, maana maji hayahesabiwi kwenye shindano.

Nikalifungua. Mlikuwa na bakteria wa watoto. Ndani ya maji!

Kwenye trei, namba nne ipo safu moja na sampuli ya mtoto mwepesi kuliko wote, Bwana Mkubwa. Kishimo kinachofuata. Ncha ileile.

Nikapanga hila, Mungu anisamehe. Nirudie namba nne peke yake, kimyakimya, niiambie hospitali kwamba tumepata taarifa mpya. Hakuna wa kulaumiwa. Taarifa mpya hutokea kila siku duniani. Lakini kaseti za mashine, ambazo bila hizo haisomi kitu, ziko kabatini, na ufunguo anao Bi Taratibu.

Nikamwambia nahitaji kaseti moja kwa jaribio dogo. Akaniuliza jaribio gani. Nikasema la maji. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikajikuta nimemwambia yote: ncha, tiki, mapacha, mdogo wangu na kunawa kwake. Pua ilinivuja. Akanipa karatasi ileile ya kufutia miwani.

Nikamwomba turudie namba nne tu, ili dada arudi kazini.

"Zote, mwanangu," alisema. "Kama si mikono yake, basi kitu chenyewe bado kimo humo wodini na watoto wamelala nacho."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tangu jana nimekuwa nikijifikiria mimi na mdogo wangu na picha yangu ya mapokezi, na hilo sikulifikiria.

Tukapiga simu wodini kwanza. Alinishikia simu, nikaongea mimi. Nilimwambia muuguzi mkuu kwamba taarifa ya juzi isitumike, kwamba kosa ni langu, si la mashine, na wala si la muuguzi.  Akauliza lini atapata ya kweli. Nikasema Ijumaa.

Tukaanza upya. Sampuli ishirini na nne leo, zilizobaki kesho. Nilishuka stoo mara tatu kufuata ncha. Bi Taratibu alikaa kando yangu kwenye kigoda, hakugusa kitu. Kila nilipotaka kukimbia alikohoa.

Alhamisi, 13 Juni

Nilimwambia mdogo wangu asubuhi, kabla sijatoka. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi kuhusu ugumu wa teknolojia. Nikafika jikoni, nikamkuta anafunga bomba kwa kiwiko ili asilishike, hotuba ikapotea.

Nikasema ni mimi. Trei niliichafua mimi, taarifa niliiandika mimi, nilitaka kupanda ndege.

Aliendelea kunitazama. Mama aliacha kuchambua mchele. Nilingoja anipige. Ningeshukuru.

Akanyoosha mkono. "Shika," alisema.

Nikaushika. Ulikuwa baridi na ngozi imechanikachanika kwenye vifundo. Tukakaa hivyo. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, jambo ambalo mama ameahidi kutolisema nje na najua atalisema. Halafu mdogo wangu akanipiga kofi kisogoni kwa mkono wa pili, kofi la haki kabisa, akaniambia niende kazini na nisikimbie.

Ijumaa, 14 Juni

Majibu. Kishimo cha maji: hakuna kitu. Sijawahi kufurahia hakuna kitu namna hii.

Namba nne: herufi milioni mbili na nusu. Bakteria wa kawaida wa ngozi, ambaye hata Mkurugenzi anaye. Watoto sita: mmoja yuleyule. Na yuko mahali pengine pamoja tu, kwenye tundu la sinki lililo karibu na mlango, sampuli ambayo mara ya kwanza ilitoka na kurasa pungufu hata kompyuta ikairuka. Kila maji yalipofunguliwa kwa nguvu, yaliruka juu ya kaunta wanapoandalia maziwa.

Bi Taratibu alikagua kila faili, na mimi nikakagua baada yake. Tiki niliweka mwisho. Niliichora polepole, ikawa kama herufi V ya mtoto wa darasa la kwanza.

Saa nane sinki lilikuwa limefungwa. Saa tisa fundi bomba alikuwa chini yake. Saa kumi muuguzi mkuu alimpigia simu mdogo wangu. Sijui alimwambia nini. Najua mdogo wangu alipiga pasi sare yake mara mbili.

Shindano: Mkurugenzi, baada ya kusikia, aliamuru jenomu zote za ubaoni zikaguliwe. Zangu za wiki ya kwanza zimeondolewa zote. Zile za wodini amesema ni kazi yetu wawili, hivyo hazihesabiwi kwa yeyote. Bi Taratibu kashinda kwa jenomu tano. Ataondoka Jumapili. Aliniuliza kama ndege hutikisika. Nikamwambia kwa uzoefu wangu, kidogo tu.

Jumatatu, 17 Juni

Bwana Mkubwa ameacha kupata homa. Jana mdogo wangu alimshika zamu nzima. Anasema amekunja uso vizuri sana.

Mkutano asubuhi. Mkurugenzi kasema amejifunza: kuhesabu wingi kulitupotosha. Kuanzia leo tuzo ni ya uaminifu. Mwezi huu atatuzwa atakayegundua na kuripoti makosa yake mwenyewe mengi zaidi kabla hayajatoka maabara. Zawadi ni kongamano la Novemba. Ndege mbili, moja ya kubadilishia.

Nilitikisa kichwa. Mtu aliyepitia niliyopitia hashindani tena.

Halafu nikawaza. Bi Taratibu hana hata kosa moja, maskini, na wiki hii hayupo kabisa. Wengine watapata moja, mawili, kwa bahati mbaya. Mtu huwezi kutegemea bahati. Makosa yanataka mpango.

Za wodini sizigusi, nimeapa. Lakini zile sampuli za udongo zilizokaa friji la pili tangu mwaka jana hazina mama wala muuguzi. Nikibandika lebo kinyume asubuhi, nikagundua saa nne, nikaripoti saa tano, hilo ni moja. Kwa siku naweza kufanya kumi na mawili bila kuchoka. Hamsini na nane kwa wiki si jambo la ajabu.

Nimeanza kuyaorodhesha. Nimeshayakagua yote mara mbili, na ubora wake ni wa hali ya juu.