Kadi Arobaini za Mlinzi wa Daraja

Jumatatu, 12 Januari 1981

Shajara yangu, niwie radhi. Miezi mitano bila neno hata moja! Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa safarini. Nilikuwa mvivu. Mtu wa miaka sitini na mitatu hana haki ya kutoa sababu nyingine.

Nimerudi kwa kuwa mambo ni mabaya. Alasiri alikuja Bi Hatsushika, mhariri wangu, ambaye huja kuchukua kurasa zangu kila wiki. Alikataa chai. Mhariri akikataa chai, mchoraji na ajiandae. Akaniarifu kwamba jaridani mna hadithi mbili za michoro zinazoburuta mkia, na kwamba moja itakatwa kabla ya Aprili. Ya kwanza ni yangu, "Mlinzi wa Daraja", ninayoichora kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Ya pili ni "Paka wa Tambi" ya Ubukata.

Ubukata! Tulijifunza uchoraji kwa mwalimu mmoja na kulala chumba kimoja. Alikuwa akitumia wino wangu bila kuomba. Miaka arobaini imepita. Sijasahau.

Nikauliza ni nani atakayeamua. Akasema ni wasomaji. Kila nakala ya jarida ina kadi ya posta. Mtoto huandika jina lake, umri, anwani, hadithi iliyompendeza kuliko zote, na anachotaka kukiona zaidi. Kadi huhesabiwa, kisha wahariri hukaa kikao. "Ni Ijumaa ya wiki ijayo, Mwalimu," alisema huku akivaa viatu mlangoni, maana ndivyo wahariri wanavyotuita sisi wachoraji. "Jipe moyo."

Nikikatwa, nitafanya nini? Sijui kazi nyingine. Hata wali sijui kupika.

Jumanne, 13 Januari

Nimepata njia! Nimenunua nakala arobaini katika maduka saba ya vitabu ya hapa Nerima, uso nikiuficha kwa barakoa. Muuzaji wa duka la sita aliniuliza kama nina shule. Nikamjibu kwamba nina wajukuu wengi. Sina hata mmoja.

Fusae, mke wangu, aliliona furushi akauliza kama tunafungua kibanda cha magazeti. Nikamwambia ni utafiti. "Haya, Baba," alisema. "Ila huo utafiti wako usiuweke juu ya figili zangu."

Jumatano, 14 Januari

Kadi zote arobaini zimeandikwa. Nimetumia mkono wa kushoto, ili mwandiko ufanane na wa mtoto. Bega linawaka moto! Nilijilazimisha pia kukosea maneno mawili katika kila kadi, kama watoto wakoseavyo. Nikashindwa kuvumilia. Nimeyasahihisha yote.

Anwani hazibuniki, ofisini wangegundua mtaa usiokuwapo. Ndipo nilipokumbuka bati la biskuti ambamo Fusae huhifadhi kadi za heri tulizoletewa Mwaka Mpya. Majina halisi! Mitaa halisi! Hata namba za posta! Nilichukua arobaini za juu bila kuchagua, na kila mtu nikamgawia umri, kati ya miaka saba na kumi na miwili. Jioni hii hii nimezitia katika sanduku la posta, ili zitangulie nyingine zote.

Kichwa changu bado kinafanya kazi.

Alhamisi, 22 Januari

Balaa. Sikuyasoma maandishi madogo yaliyo chini ya kadi. Watumaji mia wa kwanza hupewa zawadi: roboti wa plastiki wa kuunganisha, pamoja na barua ya shukrani inayotaja hadithi waliyoichagua. Kwa haraka niliyoifanya, wangu wote wamo katika mia hiyo!

Simu imelia tangu asubuhi. Daktari wetu wa meno amepongezwa kwa kutimiza miaka minane. Kaka yake Fusae, jaji mstaafu kule Niigata, anataka kujua ni mhuni gani aliyemchezea. Mtawa mkuu wa hekalu walikozikwa wazazi wangu ameshukuriwa kwa kuomba panga zaidi na damu zaidi. Fusae amepokea simu kumi na moja, na kila mara aliiinamia simu akiomba radhi, kana kwamba mwenziwe anamwona. Baada ya ile ya kumi na moja akanitazama. "Baba, ule utafiti umekamilika?"

Kikao ni kesho. Bi Hatsushika akijua, sitakatwa tu. Hakuna jarida litakalonipokea tena.

Ijumaa, 23 Januari

Ubukata amepiga simu.

Miongoni mwa zile kadi arobaini ilikuwamo yake! Nilimwandika kwa mkono wangu mwenyewe, bega likiniuma, nikinakili bila hata kusoma jina. Nilimpa miaka tisa.

Nikangoja matusi. "Miaka tisa, mzee mwenzangu?" alisema. "Hata kumi umeninyima?" Kisha akalalamika kwamba roboti wake amekuja bila mkono wa kulia. Ndipo akasema kwamba ningemwambia tu, nisingehangaika hivyo. Yeye huichagua hadithi yangu kila wiki, kwa kadi yenye jina la mjukuu wake Chinami, na huu ni mwaka wa sita. Nikamwuliza kwa nini. "Kwa sababu hakuna mtu anayechora maji chini ya daraja kama wewe, mjinga wee!" Akakata simu.

Nimekaa saa nzima nikitafakari. Kumbe yule mtoto Chinami, ambaye Bi Hatsushika humsifu kuwa msomaji wangu mwaminifu kuliko wote, ni Ubukata na upara wake! Maana yake nina msomaji mmoja pungufu. Analo lake huyu. Nitamchunguza.

Jumamosi, 24 Januari

Nimepona! Bi Hatsushika ameingia, ameketi, na ameomba chai mwenyewe. Vikombe viwili!

Hakuna aliyekatwa. Kijana mmoja anayechora jaridani hadithi ya mpira wa wavu amewaaga ghafla. Anarudi Aomori kulima matofaa pamoja na baba yake. Nafasi yake imetosha. Mimi nimebaki, na Ubukata amebaki. Niliomba ruhusa, nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikalia kidogo kwa adabu.

Niliporudi, nilizikuta kadi zangu arobaini juu ya meza, zimefungwa kwa uzi. Bi Hatsushika akasema vibarua wanaotuma zawadi hawakushuku kitu, lakini wahariri hawakuhesabu hata moja. Kadi ya mtoto huja na alama ya mchuzi au ya kidole. Zangu zilikuwa safi kama vyeti vya ndoa. Mhariri mkuu alicheka hadi akajimwagia chai. "Usirudie, Mwalimu." Nikaapa kwa kuinama hadi paji la uso likagusa mkeka.

Fusae amepika mchuzi wa figili. Nimekula mabakuli mawili. Sijapumua hivi tangu Mwaka Mpya.

Jumatatu, 26 Januari

Bi Hatsushika amepiga simu. Katika toleo moja la Aprili, kurasa za mbele zitachapwa kwa rangi. Heshima kubwa! Sijaipata tangu mwaka 1974. Atapewa mmoja tu, mimi au Ubukata, na watakaoamua ni wasomaji, kwa kadi.

Nisiseme kwamba sikujifunza. Nimejifunza sana. Kadi za Mwaka Mpya hazifai hata kidogo: waliozituma wako hai, na wana simu. Lakini kabatini mna daftari la rambirambi la mazishi ya mama yangu, mwaka 1962. Majina mia mbili na kumi na mawili, kwa mwandiko safi, kila moja na anwani yake. Wengi wao wamekwisha kumfuata marehemu. Watu watulivu. Hawatampigia mtu simu.

Uamuzi utatoka mwezi Machi. Ukishatoka, shajara yangu, nitakuandikia. Kabla ya hapo sitakuwa na nafasi.