Kipokezi cha Ndege ya Marehemu

Jumatano, 28 Septemba

Nimeshinda! Mama Ponnamma amenichagua mimi. Si Gowda. Mimi, Sheshadri, karani mstaafu wa simu za maandishi, mwanachama wa kumi na tisa wa klabu ya ndege ndogo za rimoti hapa mjini Mysuru. Kumi na tisa kati ya ishirini, lakini hayo tuyaache.

Habari yenyewe ni hii. Marehemu mumewe, Mhandisi Belliappa, ameacha ndege aliyoiunda kwa mkono wake kwa miaka minne. Mbao nyepesi, hariri juu yake, mabawa mapana kuliko kitanda changu. Hakuwahi kuirusha. Moyo ulisimama mwezi Machi, gundi ya mkia haijakauka vizuri. Mama anataka iruke mara moja tu, asubuhi ya Vijayadashami, kilele cha sikukuu ya Dasara, naye akiwepo. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kukanyaga uwanjani kwetu. Kila kitu kimekamilika isipokuwa kipokezi, kile kisanduku cha tumboni kinachosikiliza rimoti iliyo mkononi mwa rubani. Bila hicho ndege ni pambo la ukutani.

Akauliza nani akitie na nani airushe. Wote wakamgeukia Gowda. Si ajabu: ndiye mkaguzi wetu wa usalama, na alikuwa rafiki wa marehemu miaka thelathini. Ndipo nikamvuta mama pembeni. Nikamwambia, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba mikono ya Gowda siku hizi inatetemeka.

Haitetemeki hata kidogo. Nimeona haya kuandika hivyo. Lakini nimechaguliwa!

Alhamisi, 29 Septemba

Gowda amekuja nyumbani. Nilidhani amekuja kugomba, nikajitayarisha. Kumbe kaja kusaidia! Anacho kipokezi kizuri cha akiba, cha ndege kubwa, kinasikia mbali, kina antena mbili. Akataka kujua rimoti yangu ni ya aina gani, maana kipokezi husikia lugha ya rimoti ya kwao tu, ukichanganya aina mbili zinabaki kutazamana kama wageni stesheni. Nikamjibu kwamba nimeshajipanga, asijisumbue.

Akanywa kahawa, akamsifu mke wangu Vishalakshi kwa kahawa yake kama afanyavyo kila mara, akasimama. Mlangoni akasema: "Belliappa hakutaka mchezo na mawimbi, Sheshadri. Kagua, halafu kagua tena."

Ananifundisha mawimbi! Mimi niliyetuma simu miaka thelathini na mbili! Vishalakshi akanikumbusha kwamba simu zangu zote zilipita kwenye waya.

Jumamosi, 1 Oktoba

Dukani kwa Nayaz. Akaniuliza rimoti yangu ni ipi. Swali la kawaida, na jibu lake ni fupi: ni ya miaka tisa, mfuniko wa betri nimeufunga kwa gundi ya karatasi. Lakini pembeni yangu alisimama bwana mmoja mwenye ndege ya injini mbili kwapani, ananisikiliza. Basi nikataja rimoti mpya kuliko zote, ile ya kwenye kalenda ya Nayaz. Yule bwana akatikisa kichwa kwa heshima. Raha ilioje! Nayaz akanipa kipokezi cha rimoti hiyo, ndani ya kisanduku cheusi kizuri.

Nyumbani nikabonyeza kitufe cha kuvioanisha. Taa ikapepesa. Ikapepesa. Ikapepesa mpaka wakati wa chai. Vishalakshi akaja kutazama, akasema kwamba hata watu hawaoani kabla nyota zao hazijalinganishwa, sasa mimi nimemwendea mnajimu gani?

Kurudisha siwezi. Duka limefungwa kwa Dasara mpaka Alhamisi, na hata lingekuwa wazi ningemwambia nini Nayaz? Kumwomba Gowda? Afadhali nikitafune hiki kipokezi na chatne ya nazi.

Jumapili, 2 Oktoba

Akili! Nimekitoa kipokezi cha ndege yangu ya sponji, ile ninayorusha bustanini. Ni kidogo, kama kucha ya dole gumba, na antena yake ni moja, fupi kama kidole. Nimekisoma kwa kioo cha kukuzia. Kimeandikwa kwamba ni cha kurushia ndani ya ukumbi na karibu karibu. Nikaweka kioo droo ya chini kabisa.

Nikakiunganisha na ndege ya marehemu, iliyoletwa kwangu juzi, nacho kimeoana na rimoti yangu mara moja! Nilipokuwa nakioanisha nilisukuma kijiti cha mafuta mpaka juu, ili ishara iingie kwa nguvu. Injini haikuwa na mafuta, hakuna kilichowaka. Usukani wa mkia ukapunga kushoto, ukapunga kulia, kana kwamba marehemu ananisalimia. Machozi yalinilengalenga.

Nikakizungushia sponji, nikakitia tumboni, nikafunga. Kisanduku cheusi cha dukani, kitupu, nimekiweka juu ya meza ya sebuleni. Atakayekiona na aone. Sikusema uongo wowote. Kisanduku kipo mezani, basi.

Limebaki jaribio la umbali. Unabonyeza kitufe cha kupunguza nguvu ya rimoti, unaiacha ndege, unatembea hatua thelathini, unaona kama bado inatii. Kazi ya dakika tano. Kesho haiwezekani, wanawake wa mtaa mzima wanakuja kutazama wanasesere wa Dasara wa Vishalakshi, sebule yote imejaa ngazi za kuwapangia. Nitafanya Jumanne.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimeamka na hatua thelathini kichwani. Nafika sebuleni: loo! Leo ni Ayudha Puja, siku ya kuabudu vyombo vya kazi, na mke wangu hachelewi. Cherehani imeshapakwa kunkuma, ule unga mwekundu wa ibada. Bisibisi zangu zote zimelala kwenye jani la mgomba. Skuta ina shada la maua. Na juu kabisa, katikati ya ndege ya marehemu na mashine ya kusagia, rimoti! Ina alama tatu za manjano usoni na ua la njano kwenye antena. Uvumba unafuka.

Chombo kikishaabudiwa hulala mpaka kesho asubuhi, hakiguswi. Nikamwomba dakika moja tu. Akanijibu kwamba leo hata kisu cha vitunguu kimepumzika, tunakula vilivyokatwa jana, sembuse rimoti yangu? Au nataka mungu wa kike anione nakitikisa chombo kilichochoka? "Ulikuwa na wiki nzima, baba!"

Niseme ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Sikuomba sana. Niliomba mara moja, tena kwa sauti ndogo, na alipokataa nilipumua. Jaribio huweza kukataa, na ambacho hakijajaribiwa hakijakataa.

Adhuhuri Gowda akapiga simu. Umetembea hatua thelathini? Nikamjibu hamsini. Hamsini! Hakuniuliza zaidi, mimi mwenyewe nikaongeza: juu ya paa, na upepo mkali. Huu ulimi wangu una kiherehere gani lakini?

Jumatano, 5 Oktoba. Vijayadashami

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa mbili asubuhi, watu wote uwanjani, kabla mji haujajaa wanaokwenda kutazama maandamano ya tembo. Mama Ponnamma amevaa sari ya kijani. Ameletewa kiti. Ameshika miwani ya marehemu mkononi, sijui ya nini.

Gowda akaja na karatasi yake ya ukaguzi. Akaniuliza mbele ya wote kama kipokezi kimejaribiwa kwa umbali. Nikaweka mkono kifuani, nikasema kimejaribiwa. Akainama afungue mfuniko wa tumbo ajionee. Mama akauliza kama kuna tatizo, ameinuka nusu kitini. Gowda akamtazama, akanitazama mimi. Akasimama, akatia sahihi bila kufungua.

Ikaruka! Ilipanda kama imeshafanya hivyo maisha yake yote. Mzunguko wa kwanza, nikasikia mama akisema "Ayyo, Belli, tazama." Ningeishusha hapo. Ningeishusha hapo hapo na leo ningekuwa mtu! Lakini watu walikuwa wanatazama, nami nikataka mzunguko wa pili uwe mpana zaidi, ufike kwenye minazi.

Kwenye minazi ikaacha kunisikia. Nikavuta kijiti, wapi. Nikasukuma, wapi. Na injini, badala ya kupungua, ikanguruma kwa nguvu zake zote! Ikanyoosha mashariki, mabawa yametulia, juu ya mpunga, ikawa kunguru, ikawa nzi, ikaisha. Mimi bado nacheza na vijiti kama mpumbavu, jasho linanitoka mpaka viatuni.

Mama akasimama akapiga makofi huku analia. Alidhani ndivyo tulivyopanga! Kwamba tumemtumia mumewe ndege yake huko aliko. Akanishika mikono yote miwili akasema hakuna mtu aliyewahi kumfanyia jambo zuri namna ile. Wengine nao wakapiga makofi. Mtu akanivika shada.

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mungu wangu, niliinamisha kichwa!

Gowda hakupiga makofi. Aliwasha skuta akaelekea mashariki.

Alhamisi, 6 Oktoba

Amekuja mchana. Safari hii hakuketi.

Ndege ameipata kwenye shamba la miwa, kilomita nne kutoka uwanjani. Pua imevunjika, bawa la kulia halipo. Akatoa leso mfukoni, akaifungua mezani. Kipokezi changu, kama kucha ya dole gumba. Akakiweka karibu na kile kisanduku cheusi, akavitazama vyote viwili muda mrefu. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana! Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kipokezi cha aina hii hukumbuka vijiti vilivyokaa siku ya kuoanishwa, na kikipoteza sauti ya rimoti hurudi kwenye kumbukumbu hiyo. Ndiyo maana kijiti cha mafuta hushushwa chini kabisa kwanza, ili ndege iliyopotea izime na ianguke karibu. "Wewe ulikiacha juu. Ulikifundisha kukimbia."

Mama Ponnamma, akasema, ameshajua kwamba ilikuwa ajali. Mkulima wa miwa alisoma jina la marehemu na namba ya simu ya nyumbani kwake kwenye bawa, akampigia. Amelia asubuhi nzima. Alipouliza kosa ni la nani, Gowda alimwambia ni lake. Yeye ndiye mkaguzi, alitia sahihi bila kufungua mfuniko.

Nikamuuliza kwa nini. Akajibu kwamba hilo si uongo, sahihi ni yake kweli. "Langu nimelisema. Lako utalisema mwenyewe, bwana. Usiniache nalo muda mrefu."

Vishalakshi akaleta kahawa. Hakuigusa. Katika nyumba hii Gowda hajawahi kuacha kahawa. Vishalakshi aliitazama ile bilauri, akanitazama, akarudi jikoni bila neno, na huyu ni mwanamke ambaye neno halimwishi.

Jumamosi, 8 Oktoba

Leo nimekwenda kukiri. Nimeoga, nimevaa shati jeupe. Njiani nilikariri: Mama, kipokezi kilikuwa changu, uongo ulikuwa wangu, Gowda hana kosa. Maneno machache tu. Niliyasema mara nane kutoka nyumbani hadi getini kwake, na mara zote nane yalitoka vizuri.

Mama alinipokea barazani, macho yamevimba. Akanimiminia kahawa ya shamba la kwao. Kuna viti viwili pale baraza. Kimoja chake. Cha pili, akaniambia, ni cha Gowda: kila Jumamosi tangu msiba alikuja kumsomea gazeti, maana macho yake yamefifia. Amemwambia asije tena. Hawezi kumtazama. Mtu aliyekula nao miaka thelathini, akasema, ameshindwa kufungua mfuniko mmoja!

Kisha akaniuliza ana kwa ana. Je, ni kweli kosa lote ni la Gowda?

Nikafungua mdomo. Neno la kwanza lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, nalisikia na ladha yake. Akaniwekea mkono begani. Akasema ninaweza kumwambia, mimi ndiye niliyempa ile asubuhi, mimi ndiye pekee anayemwamini sasa.

Nikasema: "Tumsamehe tu, mama. Naye ni binadamu."

Akalia. Akasema nina moyo wa dhahabu. Masikio yangu yaliwaka moto, nikajiinamia kwenye bilauri ya kahawa asinione uso. Sijawahi kuona aibu kama ile, nami nimeaibika mara nyingi katika maisha haya. Halafu akaniomba nikae kile kiti cha pili, akanipa gazeti.

Nimemsomea mpaka ukurasa wa michezo. Amependa sauti yangu. Ndege ya marehemu amenikabidhi niitengeneze na niitie kipokezi upya, nimeshamwambia kipokezi ninacho.

Nitamwambia ukweli Jumamosi ijayo. Ila Jumamosi ijayo ameahidi kunipikia, haitakuwa adabu kuharibu chakula cha mtu. Basi ile inayofuata. Haraka ya nini? Na kile kiti, niseme kweli, kinaufaa sana mgongo wangu.