Dirisha la Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 4 Mei

Mama Mwenye Nyumba kanipa hadi mwisho wa wiki. Chumba chake cha nyuma kisipopata mpangaji, kazi anampa Mpole. Mpole! Dalali gani yule, anayenong'ona kama yuko msibani. Shati limepigwa pasi mpaka linakata. Anasema "tutaangalia" na watu wanamshukuru.

Nimeenda kukipiga picha. Tatizo la chumba ni moja tu: giza. Mlango mmoja, kuta nne, dirisha hakuna. Mwanafunzi aliyehama alisema alijiona kama kitunguu ndani ya gunia. Mama akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akizuia hata mwanga mdogo uliokuwepo. Picha imetoka kama ndani ya sufuria.

Udalali ni kazi ya watu wenye moyo.

Jumanne, 5 Mei

Nimeokoka. Nilikwenda kunyoa, nikaona kinyozi kabadilisha picha yake ya simu: nywele tele. Huyu mtu ana upara tangu nimfahamu. Nikamuuliza. Akasema ni akili mnemba. Unaipa picha uliyo nayo, unaiandikia unachotaka, yenyewe inafanya. Akaniwekea kwenye simu.

Nimeshinda nayo siku nzima. Nimeiambia itoe alama za unyevu ukutani. Ikazitoa, na mlango nao ikautoa. Nikaurudisha. Nikaiambia iondoe ndoo. Ikaondoa ndoo, ikaweka paka. Paka nimemwacha, anatuliza moyo. Nikaiambia imwondoe Mama mlangoni. Ikamwondoa vizuri sana, ila kandambili zake zimebaki.

Kisha nikaandika: weka dirisha kubwa, jua liingie. Lo. Ukuta ukafunguka mbele ya macho yangu. Nje ziwa na milima. Nikaiambia ipunguze, huku kwetu hakuna ziwa. Ikaweka mti. Mti unatosha.

Nimeisambaza kwenye makundi yote, hata la wazazi wa shule.

Jumatano, 6 Mei

Simu haijapoa tangu asubuhi. Mpole kapita kijiweni kwangu, akaniuliza kwa sauti yake ya pamba chumba kile kimepata lini dirisha. Nikamjibu kimelipata siku aliyoanza kufuatilia mambo ya watu. Akatabasamu. Namchukia akitabasamu.

Mteja nimempata. Ni mama mmoja fundi cherehani. Anasema anakoishi anashonea chini ya taa, macho yanamuuma. Akauliza jua linaingia saa ngapi. Nikasema asubuhi. Sijui kwa nini nilisema asubuhi, ilinijia tu. Akasema asubuhi ndiyo anayoitaka. Alitaka kuja kukiona kwanza. Nikamwambia watu wamepanga foleni, akichelewa kitachukuliwa. Anahamia Ijumaa.

Jioni nimepita mbele ya Mpole nikipiga mluzi. Nimepita tena, huenda hakusikia.

Alhamisi, 7 Mei

Mama Mwenye Nyumba kaiona picha. Akauliza hii ni nyumba ya nani. Nikasema yake. Akaivuta karibu, akaikuza, akasema hizi kandambili anazijua, mwenyewe yuko wapi. Nikamweleza kwamba huu ni muonekano wa chumba kijacho. Akalitazama dirisha kwa muda mrefu, kisha akasema laiti marehemu mume wake angekuwa na akili ya kuliweka. Hakunifukuza. Naona ananielewa.

Mke wangu hanielewi. Kaniuliza huyo mama akifika atafungua nini. Nikamwambia nimeshafikiria. Nimetundika pazia la maua pale dirisha lilipo kwenye picha. Ukisimama mlangoni huwezi kujua. Mke wangu kasimama mlangoni, akasema anajua.

Ijumaa, 8 Mei

Fundi kafika na mkokoteni. Cherehani ya miguu, mafurushi ya vitambaa, pasi ya mkaa. Mwanamke mtulivu, miwani puani, tepu ya kupimia shingoni. Akaiweka cherehani mbele ya pazia sawasawa, akavuta kiti, akalifungua pazia.

Ukuta.

Akalifunga. Akalifungua tena. Akaugusa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama unavyompima mtoto homa. Mimi nikawa natazama dari.

Nilitegemea kelele. Kelele nazijua, nimezizoea. Hakupiga. Akaniuliza, "Kaka, dirisha liko wapi?"

Nikaanza kueleza habari za muonekano. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema funguo za kule alikotoka amesharudisha. Ana sare za kwaya za kukabidhi wiki ijayo, zote nyeusi, na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi gizani hauoni tena. "Macho yangu yananiaga kidogo kidogo," akasema, "na mikono hii haijui kazi nyingine."

Nikalifunga pazia.

Akaitoa cherehani, akaiweka katikati ya ukumbi kwenye mwanga wa mlango mkuu, akaanza kushona. Akasema atasubiri dirisha lake hapohapo. Nyumba nzima ikawa inamruka. Mpole, sijui nani alimwita, akatokea na kumwambia polepole kuwa anacho chumba kingine, chenye dirisha. Fundi akamshukuru. Akasema ameahidiwa hili, na analitaka hilihili.

Mama Mwenye Nyumba akaniita pembeni. Akasema, "Mwanangu, umemwahidi binadamu. Sasa kalilete."

Jumamosi, 9 Mei

Nimemwita shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni mwashi, na hanipendi, lakini dada yake kamsihi. Nikampa picha kama ramani. Akaichunguza, akasema dirisha hili bawaba ziko pande zote mbili, halifunguki mpaka dunia iishe. Nikamwambia achukue wazo la jumla.

Tumebomoa. Kusema kweli shemeji kabomoa, mimi nimesimamia. Nilipiga nyundo mara moja, ikatua kwenye kidole changu, nikarudi kwenye usimamizi. Vumbi jingi. Wapangaji wote ukumbini, Fundi akiwa bado anashona kama hasikii.

Tofali la kwanza lilipoangukia upande wa pili, kichwa cha mtu kikachungulia tunduni. Seremala! Kumbe nyuma ya ukuta ni karakana yake, banda lililo wazi upande wa pili. Akatusalimia, tukamsalimia. Akauliza kwa adabu kama tunatafuta kitu. Shemeji akamweleza yote, bila kunifichia aibu hata moja. Seremala akacheka mpaka akakalia mbao zake. Kisha akasema ana fremu ya dirisha aliyoitoa kwenye ofisi iliyovunjwa, imemjazia nafasi, tuichukue tu. Ikawa kubwa kuliko tundu. Tukaongeza tundu.

Jioni dirisha likakaa. Mti hakuna. Kuna rundo la mbao. Nimesema zilikuwa miti.

Jumapili, 10 Mei

Niandike polepole, nisisahau. Asubuhi jua limeingia. Limevuka karakana, limepita dirishani, limetua juu ya cherehani. Asubuhi! Kama nilivyosema!

Fundi akachukua sindano na uzi mweusi. Akautunga, ukaingia jaribio la kwanza. Akaitazama sindano ile, akavua miwani, akafuta macho kwa pindo la khanga yake. Kisha akaniita, akanipima mabega na mikono bila kuniambia kitu, akarudi kazini. Nadhani nashonewa shati. Sikuuliza, nikashika ufagio nikafagia. Vumbi la jana.

Mama Mwenye Nyumba kakaa dirishani nusu ya siku akizungumza na seremala. Wapangaji wote sasa wanadai madirisha, naye amekubali. Shemeji kapata kazi ya kutosha, kanipa mkono kwa mara ya kwanza tangu harusi. Na Mpole kaja. Mpole mwenyewe. Kaniuliza, kwa unyenyekevu, ile programu inaitwaje. Nikamwambia tutaangalia.

Mke wangu anasema nilidanganya, na ukuta ndio ulioadhibiwa. Nimemweleza kuwa kudanganya ni kusema kisichokuwepo, na dirisha lipo, akaangalie. Tofauti ni siku chache tu. Akaenda kuanika nguo.

Jumatatu, 11 Mei

Sifa zimeenea. Mdogo wake Mama Mwenye Nyumba ana nyumba barabarani, vyumba vya chini tu, na wateja siku hizi wanapenda ghorofa. Nimeipiga picha asubuhi. Mchana tayari ilikuwa na ghorofa, roshani, na ngazi ya nje yenye vyuma vya kushikia. Kazi safi, hata paka hayumo.

Familia moja imeshaichukua sehemu ya juu. Wanahamia Jumamosi. Shemeji hapokei simu, lakini leo ni siku ya kazi, atakuwa juu ya kiunzi.

Wameuliza kama ngazi ni imara, maana bibi yao ana miguu mizito. Nimewahakikishia kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuanguka pale.