Namna ya Kumleta Dada Bila Kumleta

Jumatatu, 4 Novemba. Kirolirwe.
Mungu asifiwe! Miwani imefika Pinga salama. Miwani mikubwa, inafunika macho yote. Ukiivaa huko, unaona kila kitu kilicho mbele ya kamera yangu huku, kana kwamba umesimama hapa. Jumamosi wakwe wanaleta ng'ombe wa mahari, na kwetu shangazi ndiye anayemshika bibi harusi mkono na kumtoa ndani. Binti yangu Epiphanie ameapa: bila shangazi hatoki. Shangazi huyo ni dada yangu Uwimbabazi wa Pinga, aliyenilea tangu mama afariki. Barabara ni tope tupu. Basi atakuwepo bila kusafiri!

Théophile, mfanyabiashara wa Butembo aliyeipeleka miwani kwa pikipiki yake, alipiga simu. Eti Jumatano anarudi na kiti kitupu, amlete dada? Nilicheka. Watu wengine hawaoni mbele. Nikamshukuru hata hivyo, kwa adabu.

Jumanne, 5 Novemba.
Jaribio la kwanza. Kamera inahitaji kitu kirefu, kisicho na haraka, kipite katikati ya wageni. Nikaifunga kwenye pembe za ng'ombe wa jirani, Papa Sebarenzi. Maendeleo makubwa! Dada aliona vilima, akaiona nyumba, akatokwa na machozi. Halafu ng'ombe akashuka mtoni kunywa maji. Dada akapiga kelele kwamba anazama, akaanguka kutoka kwenye kiti, huko Pinga, mahali pakavu kabisa. Kamera nimeianika juani.

Changamoto nyingine: sauti inachelewa. Sebarenzi alimsalimu dada, jibu likaja mwenyewe amekwisha kwenda zake. Dada akabaki anamwuliza ng'ombe habari za watoto. Sebarenzi akasema: "Muntu iko hapa, sauti iko bado mu njia. Hii njo maendeleo gani?" Haelewi ufundi. Lakini ng'ombe aliniazima kwa moyo mweupe, namshukuru.

Alhamisi, 7 Novemba.
Tangu jana dada hapokei. Ni rezo tu, mtandao unasumbua. Epiphanie ameuliza ni mkono gani utamshika Jumamosi. Nililiona hilo mapema! Nimeshona glavu, nimeijaza maharagwe, nimeifunga kwenye fimbo. Aliishika, akalia. Nadhani ni furaha. Mke wangu Solange alitoka nje.

Jumamosi, 9 Novemba.
Wakwe wameketi. Maziwa yamenywewa. Epiphanie ndani, mlango umefungwa. Mimi juu ya jiwe, simu hewani, napiga, napiga. Jasho! Ghafla vigelegele. Nikawafokea wanyamaze, simsikii dada yangu.

Alikuwa amesimama langoni, tope hadi magotini, ameshuka kwenye pikipiki ya Théophile. Siku tatu njiani! Alisema kama ni kuanguka, afadhali aangukie tope la kweli. Akanipita, akaingia ndani, akatoka na Epiphanie mkono kwa mkono. Nililia mbele ya wakwe wote. Asante Mungu. Asante Théophile, hata kama atajisifu mpaka Pasaka.

Jumapili, 10 Novemba.
Moyo umejaa shukrani. Kesho dada anarudi Pinga, na miwani aliyokuja nayo anaondoka nayo. Kwa hiyo sina nafasi hata kidogo: tangu asubuhi nimejifungia chumbani naitengeneza, ili akifika kwake tuweze kukaa pamoja vizuri. Ananiita nje kwa mara ya tatu. Eti ugali unapoa, eti anataka kuniona. Nimemtuma Solange amwambie avumilie.